Zombi alitoka wapi, na kwa nini hatumchoki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilipokuwa darasa la tatu, jirani yetu pale Muheza alikuwa na deki ya mikanda, na Jumapili moja tulijazana sebuleni kwake kutazama mkanda wa mazombi. Bibi yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, ungo wa mchele mapajani, anachambua huku anatupia jicho. Maiti walipoanza kutoka makaburini sisi watoto tulijificha nyuma ya migongo ya wakubwa. Bibi akatazama kitambo, kisha akauliza: "Wajukuu zangu, hawa misukule bwana wao yuko wapi? Mbona hawalimi?" Tulimcheka. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za Haiti, ndipo nilipotambua kwamba katika chumba kile kizima ni yeye peke yake aliyemjua zombi.

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi tangu nianze kufuatilia jambo hili. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Zombi ni nini hasa?

Inategemea unamuuliza nani. Kijana aliyekulia kwenye michezo ya kompyuta atakuambia ni maiti anayetembea, anayekula watu, na ukiumwa naye nawe unakuwa kama yeye. Mzee wa kijijini Haiti atakuambia habari nyingine kabisa. Kwake yeye zonbi (ndivyo wanavyoliandika kwa Krioli, lugha yao) ni mtu aliyekufa au aliyeonekana kufa, akazikwa, kisha mchawi akamtoa kaburini usiku na kumpeleka mbali akafanye kazi. Hamng'ati mtu. Haambukizi chochote. Anatembea ameinamisha kichwa, anaongea puani au haongei kabisa, anatii kila anachoambiwa. Ukikutana naye njiani huruma itakushika kabla ya woga.

Kuna na zonbi wa pili, asiye na mwili: sehemu ya roho ya marehemu iliyonaswa na kufungiwa ndani ya chupa, itumike kuleta bahati, kulinda duka au kudhuru adui. Huyo sinema hazikumtaka, na ninaelewa kwa nini. Chupa haitembei.

Tofauti kubwa ni hii: mtazamaji wa sinema anaogopa kuliwa na zombi, ila Mhaiti anaogopa kufanywa zombi.

Kwa hiyo Vodou ni dini ya kutengeneza mazombi?

Hapana, na tusiwatendee Wahaiti dhuluma hiyo. Vodou ni dini yenye Mungu mmoja, Bondye, ambaye yuko mbali, na viumbe wa kiroho waitwao lwa wanaosimama kati yake na watu. Ina makuhani wanaume, oungan, na wanawake, manbo. Ina maombi, nyimbo, ngoma, matibabu, na heshima kubwa kwa waliotangulia. Anayesemwa kutengeneza mazombi ni bokor, mtu anayetumia elimu hiyo kwa kulipwa na kwa ubaya. Kumhukumu mwumini wa Vodou kwa matendo ya bokor ni sawa na kumwita kila mganga wa mitishamba mchawi, kosa ambalo sisi wenyewe tumelifanya mara nyingi na watu wamelilipia kwa maisha yao.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Wataalamu wengi wanaelekeza kidole Afrika ya Kati Magharibi, kwenye lugha za Kibantu za eneo la Kongo na Angola. Kwa Kikongo Nzambi ni Mungu, na wasomaji wetu wa Kongo wanalijua jina hilo kwa umbo la Kilingala, Nzambe. Kwa Kimbundu cha Angola kuna nzumbi, mzimu wa mtu aliyekufa. Watu waliosema maneno hayo walipakiwa melini kwa maelfu na kupelekwa Karibi, nayo maneno yakaenda nao.

Limekaa katika maandishi kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1697 Mfaransa mmoja, Pierre-Corneille de Blessebois, alichapisha hadithi yenye neno hilo kwenye jina lake, nayo inatokea kisiwani Guadeloupe. Lakini zombi wa wakati ule alikuwa mzimu tu, pepo wa usiku. Hata Moreau de Saint-Méry, mwanasheria aliyeandika kwa kirefu juu ya koloni la Saint-Domingue mwaka 1797, alilieleza kama neno la Krioli lenye maana ya mzimu wa marehemu. Yule maiti mfanyakazi tunayemjua alikuja kujitokeza wazi katika simulizi za Haiti baadaye.

Kwa nini Haiti, na si kwingine?

Hapa naomba uvumilivu wako, maana hili ndilo swali lililobeba mengine yote.

Kabla ya kuitwa Haiti, nchi ile ilikuwa koloni la Ufaransa kwa jina la Saint-Domingue, na katika karne ya 18 hapakuwa na koloni la Ulaya lililotoa sukari na kahawa zaidi yake. Kufikia 1789 watumwa walikuwa karibu nusu milioni, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Afrika. Sheria ya Ufaransa ya 1685, Code Noir, ilimhesabu mtumwa kuwa mali inayohamishika, kama kiti au ng'ombe.

Fikiria kiwanda cha miwa cha siku zile. Muwa ukikatwa lazima ukamuliwe upesi kabla haujachacha, kwa hiyo msimu wa mavuno mashine zilizunguka usiku na mchana, na watu waliolima tangu alfajiri walirudi zamu ya usiku kulisha miwa kwenye magurudumu ya kukamulia. Mtu aliyesinzia, vidole vikaingia, mkono wote ulivutwa. Ndiyo maana katika viwanda vingi vya Karibi paliwekwa panga au shoka kando ya mashine, la kumkata mkono mwenzako upesi kabla hajamezwa mzima. Watu walikufa haraka kuliko walivyozaliwa, na wenye mashamba waliona ni nafuu kununua wapya.

Tumaini lililobaki lilikuwa kufa. Iliaminika kwamba roho ya marehemu inavuka maji kurudi Ginen, yaani Afrika, kwa wazee wake. Huko hakuna nyapara. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba kuna wengine hata kufa hawataruhusiwa: wataamshwa, watapewa jembe, wataendelea kulima milele bila jina na bila kumbukumbu. Hiyo ndiyo hofu iliyomzaa zombi wa Haiti. Mauti yenyewe ilikuwa pumziko. Kitisho kilikuwa kunyang'anywa hata hilo.

Watu hao hao ndio walioinuka Agosti 1791, baada ya mkutano wa usiku wa Bwa Kayiman unaokumbukwa kwa jina la Boukman, mmoja wa viongozi wao, wakapigana miaka kumi na mitatu, na tarehe 1 Januari 1804 jenerali wao, Jean-Jacques Dessalines, akatangaza uhuru. Hadithi ya mazombi iliendelea kusimuliwa na watu huru waliojua vizuri ni kitu gani hawataki kurudia.

Je, watu wa pwani yetu nao walifika huko?

Ndiyo, ingawa kwa uchache kuliko Wakongo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walipelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo leo ni Morisi na Réunion, lakini katika miaka ya 1780 meli za Kifaransa zilizunguka pia Rasi ya Tumaini Jema na kufikisha Saint-Domingue watu wa pwani ya mashariki, hasa wa Msumbiji. Huko waliitwa kwa jumla "Mozambiques", hata kama kila mmoja alikuwa na kabila lake na lugha yake.

Msukule na zombi ni kitu kimoja?

Ni ndugu, naweza kusema ndugu wa tumbo moja, ingawa sijaona ushahidi kwamba mmoja alimzaa mwingine.

Kwa asiyejua: nchini Tanzania msukule ni mtu anayesemwa kuchukuliwa na wachawi. Watu wanaona amekufa, wanalia, wanazika, lakini inasemwa kilichozikwa ni gogo la mgomba lililofanywa lionekane kama maiti. Mwenyewe yuko kwa aliyemchukua, amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, mchana anafichwa uvunguni au darini, usiku analimishwa. Ukiona shamba la mtu limelimwa lote na hujawahi kuona vibarua, watu wanaanza kunong'ona. Kusini mwa Tanzania utasikia zaidi ndondocha, nalo limeingia katika kamusi zetu.

Tusichanganye na wengine. Mzimu ni roho ya aliyekufa, na kutoka ukoo huo wa maneno tuna kuzimu na wazimu. Zimwi ni dubwana la hadithi za jioni. Mumiani ni mnyonya damu, na uvumi wake ulitapakaa sana enzi za mkoloni, watu wakiamini Wazungu na vibaraka wao wanateka raia kuwakamua damu. Kati ya hao wote msukule peke yake ndiye mfanyakazi.

Babu yangu alikuwa manamba kwenye shamba la mkonge. Vijana wa leo hawalijui neno hilo, basi nilieleze: manamba walikuwa vibarua waliochukuliwa kwa mkataba kutoka mbali, wakapewa namba, na namba hiyo ndiyo iliyoitwa asubuhi, wala si jina. Bibi alinisimulia kwamba babu alipomaliza mkataba na kurudi, kwa siku kadhaa alikuwa anaitikia polepole akiitwa kwa jina lake, kama mtu anayelikumbuka kwa mbali. Sidai kwamba misukule ilitokana na manamba. Imani hiyo ina mizizi yake. Nasema tu kwamba bibi, mke wa mtu aliyeitwa kwa namba, alipoona maiti wanatembea kwenye televisheni, swali lake la kwanza lilikuwa wanamlimia nani.

Kuna wengine kama hao Afrika?

Wapo, na mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kamerun. Kwa Wabakweri, chini ya Mlima Kamerun, Wajerumani walipora ardhi nzuri wakafungua mashamba makubwa. Katika miaka iliyofuata ilienea hofu ya uchawi walioita nyongo: kwamba mtu anaweza kuwatoa ndugu zake, hata wanawe mwenyewe, wakafa machoni pa watu, kumbe wamepelekwa Mlima Kupe kumfanyia kazi katika mji usioonekana. Dalili ya mtu wa nyongo ilikuwa nyumba ya bati. Mwanaanthropolojia Edwin Ardener alieleza jinsi watu walivyoogopa kujenga nyumba nzuri wasije wakashukiwa. Kisha miaka ya 1950 wanakijiji wakaanza kulima na kuuza ndizi kwa ushirika wao, fedha ikaingia kwa wengi badala ya wachache, na hofu ya nyongo ikapungua sana. Bati zikaezekwa. Kila ninapokumbuka habari hiyo naona inaeleza mengi juu ya uchawi na juu ya uchumi.

Afrika Kusini Wazulu wana umkhovu. Na Nigeria, Fela Kuti alilichukua neno lenyewe akalifanya wimbo katika miaka ya 1970, akiwaita askari mazombi: hawaendi mpaka waambiwe nenda, hawasimami mpaka waambiwe simama. Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi yake Lagos, wakayachoma, wakamtupa dirishani mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mpigania haki za wanawake. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata.

Je, kuna mtu aliyewahi kuthibitishwa kuwa zombi?

Kisa maarufu ni cha Clairvius Narcisse. Mwaka 1962 kifo chake kiliandikwa katika Hospitali ya Albert Schweitzer huko Deschapelles, Haiti. Mwaka 1980 mwanamume mmoja alimwendea dada wa marehemu sokoni, akajitambulisha kwa jina la utotoni ambalo wachache walilijua, akasema alitolewa kaburini na kulimishwa shambani kwa sababu ya ugomvi wa ardhi na ndugu yake. Mtaalamu wa mimea Wade Davis alikwenda Haiti na mwaka 1985 akaandika kwamba mabokor wanatumia unga wenye sumu ya samaki bunju, tetrodotoksini, inayoweza kumlegeza mtu hadi aonekane mfu. Wakemia waliopima sampuli zake walikuta sumu kidogo mno au hawakuikuta kabisa, na ubishi ukawa mkali. Sumu hiyo inaua kweli na inapooza kweli. Kumfanya mtu mtumwa kwa miaka, hilo halikuthibitishwa. Davis mwenyewe alisisitiza kwamba unga peke yake hautoshi pasipo jamii inayoamini.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ni wa Roland Littlewood na Chavannes Douyon, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1997. Waliwapima watu watatu waliotambuliwa na familia kuwa ndugu zao waliorudi kama mazombi. Walikuta maradhi ya akili, madhara ya ubongo na kifafa, na ulemavu wa akili. Na vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wawili kati yao hawakuwa na udugu na familia zile. Walikuwa wagonjwa waliokuwa wakitangatanga, wakakutana na watu wenye majonzi ambayo hayajapoa, na kila upande ukampata uliyemtaka.

Mtaani kwetu ameonekana mtu, watu wanasema ni msukule. Tufanye nini?

Mpeni maji, chakula na nguo, kisha mfikisheni hospitali. Msimzungushe mitaani, msimpige picha za kurusha mitandaoni. Mtu asiyejua jina lake, asiyesema, mwenye makovu na nywele zilizosokotana, kwa kawaida ni mgonjwa aliyepotea, na huenda kuna mama anamtafuta mkoa mwingine. Toeni taarifa kwa serikali ya mtaa na polisi.

Na msitafute "aliyemficha". Tanzania ina Sheria ya Uchawi tangu 1928, inayokataza kumtuhumu mtu kuwa mchawi, lakini haijazuia vikongwe kuuawa, hasa kanda ya Usukumani, kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamechomwa na moshi wa miaka hamsini ya kupikia watoto na wajukuu. Katika habari zote za mazombi sijui kitisho kinachozidi hicho.

Zombi alifikaje Hollywood?

Alichukuliwa na jeshi, kwa namna fulani. Marekani iliivamia Haiti mwaka 1915 ikakaa hadi 1934. Ili kujenga barabara, wanajeshi walifufua sheria ya zamani ya kazi za lazima, wakulima wakakusanywa na kufungwa kamba kama zamani, na uasi ukalipuka chini ya Charlemagne Péralte, aliyeuawa 1919. Katikati ya hayo ndipo Wamarekani walipoanza kuandika vitabu vya kusisimua kuhusu "kisiwa cha giza". Kilichofanya kazi kubwa ni cha William Seabrook, 1929, chenye sura juu ya maiti wanaofanya kazi katika mashamba ya miwa ya kampuni ya Kimarekani.

Miaka mitatu baadaye, 1932, ikatoka *White Zombie*, sinema ndefu ya kwanza ya mazombi, na mwigizaji Bela Lugosi ndiye bwana wao. Tafuta kipande kimoja tu cha sinema hiyo: kiwanda cha sukari usiku, mazombi weusi wanasukuma mashine kwa kuizunguka, na mmoja anateleza anaanguka ndani ya kinu. Hakuna anayegeuka. Mashine haisimami, mlio wake wa mbao unaendelea vilevile. Watengenezaji walitaka kumtisha Mmarekani na habari ya bibi harusi mzungu aliyelogwa, lakini katika dakika ile moja, kwa kujua au kutojua, walionyesha Saint-Domingue.

Nani basi alimfundisha kula watu?

Mwongozaji wa sinema George Romero, Pittsburgh, Marekani, mwaka 1968. *Night of the Living Dead* iligharimu kama dola 114,000, nyingi zikiwa michango ya marafiki, na ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake bokor hayupo, Haiti haipo, shamba halipo. Wafu wanaamka tu, wanakula walio hai. Hata neno zombi halitamkwi. Wahusika wanawaita kwa neno lililotoka kwenye ghuli la Waarabu, lile jini la jangwani linalokula watu, ambalo wasomaji wetu wa Omani na pwani wanalifahamu. Watazamaji ndio waliowaita mazombi, na jina likaganda.

Kilichoifanya idumu ni mhusika mkuu, Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mtu mweusi. Anapigana usiku kucha, anaokoka. Asubuhi kundi la wazungu wenye bunduki linalosafisha mazombi linamwona dirishani na kumpiga risasi ya kichwa. Kisha zinakuja picha za mgando: kulabu za nyama zinamvuta, mwili unatupwa kwenye rundo la kuchomwa. Ilitoka Oktoba 1968, miezi sita baada ya Martin Luther King kuuawa. Huhitaji mtu akufafanulie.

Kuna na sababu nyingine ya kuenea kwake: wasambazaji walipobadilisha jina la sinema walisahau kurudisha alama ya hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma papo hapo. Kila mtu akainakili bure. Nadhani hata mkanda wa jirani yetu wa Muheza ulitokana na bahati hiyo.

Na hili la kula ubongo?

Halikutoka kwa Romero. Lilianza na *The Return of the Living Dead*, sinema ya 1985 iliyochanganya kutisha na kuchekesha.

Mbona siku hizi wanakimbia?

Kwa sababu hofu imehama kutoka makaburini kwenda maabara. Mchezo wa Kijapani wa Resident Evil, 1996, uliwapa virusi na kampuni ya dawa. *28 Days Later* ya Uingereza, 2002, iliwapa mbio, ingawa wale kwa haki si wafu, ni wagonjwa. Wakorea wakaja na *Train to Busan* mwaka 2016, mazombi ndani ya treni, na kwangu mimi hakuna waliowashinda tangu hapo. Mimi bado naogopa zaidi anayetembea. Anayekimbia unaweza kumkwepa. Anayetembea anajua utachoka.

Ule uyoga wa kutawala akili, upo?

Upo, kwa wadudu waitwao chungu. Kuvu wa jamii ya Ophiocordyceps humwingia chungu, humpandisha kwenye mmea hadi kama sentimita 25 kutoka ardhini, humfanya aume mshipa wa jani na kufia hapo, kisha shina la kuvu humchipuka kichwani na kumwaga mbegu. Mchezo wa *The Last of Us*, 2013, ulitoka kwenye wazo hilo. Binadamu yuko salama.

Kwa nini tunawapenda hivi?

Watu wananijibu haraka: kwa sababu tunaogopa kufa. Sidhani inatosha. Jini, popobawa na mzuka nao wanahusu kifo, lakini hawajawahi kututia hamu ya kukaa na kupanga nani atalinda mlango na nani ataenda kutafuta maji.

Zombi ana jambo wengine hawana: alikuwa mtu wetu. Katika sinema ya 1968 binti mdogo, Karen, amelala mgonjwa chini ya nyumba, mama yake anamwuguza. Anapofufuka mama hakimbii. Anamwita kwa jina, anarudi nyuma polepole, na mtoto anamwua kwa mwiko wa bustani. Kila sinema nzuri ya mazombi ina mahali hapo: kuna mmoja ameumwa, anaficha jeraha chini ya shati, na wenzake wanamtazama. Aliyewahi kumwuguza mzazi ambaye maradhi ya uzee yamemsahaulisha hata majina ya wanawe anajua kwamba hiyo haihitaji maiti wala makaburi. Mwili ni ule ule, sauti ni ile ile, na mwenye nyumba hayupo.

Halafu kuna kazi. Mwaka 1978 Romero aliwapeleka mazombi wake kwenye jumba la maduka, Monroeville, wakawa wanazunguka kwenye ngazi za umeme, kwa sababu ndiko walikokuwa wanakwenda walipokuwa hai. Simama kituo cha daladala saa kumi na mbili asubuhi uangalie nyuso, yako ikiwemo. Mtu ameamka saa tisa, atarudi saa tatu usiku, mshahara umekwisha kabla haujaingia, na akiulizwa anamlimia nani hawezi kutaja jina. Tunampenda zombi kwa sababu anatusemea kitu ambacho kukisema wenyewe ni kizito.

Nasikia chumvi ndiyo dawa yake. Ni kweli?

Ndivyo wanavyosema Haiti. Zonbi analishwa chakula kisicho na chumvi, maana akiionja tu anakumbuka yeye ni nani. Katika kisa alichokiandika Seabrook, mke wa msimamizi wa mazombi aliwaonea huruma siku ya sikukuu, akawanunulia peremende za karanga bila kujua karanga zilikuwa zimetiwa chumvi. Wakatafuna, wakalia, wakageukia milimani kwao. Njiani ndugu zao waliwatambua na kuwaita. Hawakusimama mpaka makaburini, wakachimba kwa mikono yao kurudi ndani.

Mwandishi wa Haiti Frankétienne hakuridhika na mwisho huo. Mwaka 1975, chini ya udikteta wa akina Duvalier, alichapisha *Dézafi*, riwaya ya kwanza kuandikwa kwa Krioli ya Haiti. Ndani yake bokor Sintil ana kijiji kizima cha mazombi wanaomlimia. Binti yake, Siltana, anampenda mmoja wao, Klodonis, na kwa siri anampa mchuzi uliotiwa chumvi. Klodonis anaamka. Haendi kaburini. Anachukua chumvi, anawapelekea wenzake, nao wanapomaliza kula wanatoka pamoja kumtafuta Sintil.